Maji Yapite kwa Mwamvita

Hosiana alikuwa hakai. Tangu redio itangaze kwamba mwaka huu kuna mvua ya Elnino na kwamba haitakuwa ya mchezo, alikunywa chai amesimama, alikula amesimama, na hata kanisani alichagua benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, ili aweze kuchungulia kilele cha Lupanga kama kimevaa wingu. Wanawe pale nyumbani Bigwa walishamzoea. Mkubwa aliwaambia wadogo zake wamwache mama, anasubiri mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa na mahali pa kufikia: Mgozo, kijito kinachokatiza barabara ya Kisaki, ukishaiacha Bigwa nyuma na kuingia kwenye vilima vya minanasi. Wakati wa kiangazi unakiruka bila kuloweka kiatu. Mvua ikinyesha mlimani kinashuka na magogo, mawe na matope mekundu, kinaziba kalavati la zamani, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara, kinapanda juu ya barabara na kuimega kama mtu anayemega ugali. Barabara ikikatika Mgozo, watu wote wa huko mbele hawana njia. Ndizi zinaoza, mgonjwa anabebwa kwa machela, na mama mjamzito anamwomba Mungu.

Hosiana alikuwa fundi sanifu wa barabara, mzaliwa wa Upare, mwenye stashahada yake ya chuo. Serikali ilimwajiri, kisha ikampunguza pamoja na wenzake wengi pale kazi za barabara zilipoanza kutolewa kwa zabuni. Wenzake wengine waliingia kwenye mitumba, wengine walirudi kwao. Yeye alifuga kuku mpaka akawachukia, kisha akaenda kwa Evance, mkandarasi kijana mwenye tinga moja na maneno mengi, akamwambia kwamba yeye Evance amepata kazi za barabara lakini hana mtu anayeijua barabara. Evance alicheka, akamchukua. Mgozo ilikuwa kazi ya kwanza kumwachia mwenyewe, na hakumficha: ikisimama, zinazofuata ni zake, ikienda na maji, aende nayo.

Mchoro uliokuja na zabuni ulitaka kalavati jingine, la ukubwa uleule. Hosiana aliutazama, akapanda kilimani kutazama maji yanatoka wapi, akarudi amekasirika. Mlima waliouchora haukuwa mlima aliouona. Msitu ulikuwa umerudi nyuma sana na mahali pake pamejaa maharage na mihogo, kwa hiyo maji ambayo zamani yalishuka polepole sasa yanakuja kwa mkupuo. Bomba lingeziba mvua ya kwanza. Alipigania drifti mpaka wakubwa wakachoka wakakubali: barabara ishushwe pale kijitoni, ijengwe kwa mawe na zege kama sakafu, maji yapite juu yake. Yakijaa, magari yatasubiri. Yakipungua, yataendelea. Barabara haishindani na maji; inayapisha.

Zege lilimwagwa, likakomaa, likawa zuri hata vibarua wakawa wanakaa juu yake kula mihogo. Kilichobaki ni mtaro wa upande wa chini. Maji yakiruka kutoka kwenye sakafu ile yanatua kwa nguvu, na yasipopewa njia yanachimba chini ya zege mpaka linaning'inia, kisha linavunjika. Mkondo wa zamani wa Mgozo ulikuwa umejaa udongo wa mlimani miaka mingi, ukawa shamba la ndizi na magimbi. Mtaro ulilazimika kupita humo moja kwa moja, mpaka bondeni kwenye mto mkubwa.

Hapo ndipo Hosiana alipokosea, na alikosea kwa adabu kabisa. Alimkuta mwanamume mmoja anapalilia migomba, akamsalimu, akamuuliza shamba ni la nani. Mwanamume akasema karibu mama, sisi ndio tunalima hapa, mimi naitwa Ahmadi. Hosiana akamweleza habari ya mtaro kuanzia mwanzo hadi mwisho, akamwonyesha kwa kidole utakapopita. Ahmadi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akasema hakuna neno. Kwao Upare, mwenye nyumba akisema hakuna neno, jambo limekwisha. Hosiana alimpa mkono, na kesho yake vibarua wakaingia na sururu.

Siku iliyofuata alipofika, kazi ilikuwa imesimama. Vibarua walikuwa wamekaa kwenye kifusi wanavuta sigara, wanatazama pembeni kama watu waliokuta wakwe zao wanaoga. Ndani ya mtaro, kwenye udongo mbichi, wanawake watatu walikuwa wamenyoosha miguu wanamenya magimbi. Yule wa katikati, mwenye kanga ya kijani na kisu kikali, ndiye aliyeinua uso.

"Wewe ndiye mama wa barabara?"

"Ndiye. Habari za asubuhi."

"Nzuri. Mimi Mwamvita. Nani kakuruhusu kuchimba hapa?"

"Mumeo, Mzee Ahmadi. Nilizungumza naye."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha gimbi.

"Ahmadi!" Mwamvita alisema. "Ahmadi ana nini hapa? Alikuja na redio na mkeka. Siku akiondoka ataondoka na redio. Mkeka umeshachakaa."

Ahmadi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mgomba, anatabasamu kwa aibu. Hosiana alimgeukia.

"Si ulisema hakuna neno?"

"Nilisema hakuna neno, mama. Sikusema chimba."

Basi akafundishwa, mbele ya vibarua wake, jambo ambalo kila mtoto wa pale analijua. Kwa Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Shamba lile lilitoka kwa bibi yake Mwamvita, likaja kwa mama yake, likaja kwake, na litakwenda kwa binti yake. Mume analima, anakula, anaheshimiwa, lakini ni mgeni kwenye ukoo wa watu. Ahmadi naye ana ardhi ya kusemea, ila iko kwa dada zake, Mkuyuni. Anayesema juu ya shamba hili ni mjomba, Mikidadi, kaka wa marehemu mama yake Mwamvita. Na ardhi ya ukoo haichimbwi na mtu wa nje mpaka mjomba apige jembe la kwanza kwa mkono wake. Bila hivyo ni wizi.

"Na huyo mjomba anakaa wapi?" Hosiana aliuliza, tayari anageuka kumtafuta.

Mwamvita alinyanyua mdomo kuelekea mlimani, juu kabisa, karibu na ukingo wa msitu. "Kwa mke wake," alisema. "Ulitaka akae wapi?"

Ndiyo, Hosiana alifikiri, wanaume walio hapa hawana kauli hapa, na mwenye kauli yuko huko mawinguni. Na mawingu kweli yalikuwapo. Kilele cha Lupanga kilikuwa kimefunikwa mpaka mabegani.

Evance alifika na pikapu yake kabla Hosiana hajaondoka. Aliposikia habari alipiga usukani kwa kiganja. Alitaka kwanza kwenda kuleta polisi. Hosiana alimwambia polisi wataondoka jioni na mtaro utafukiwa asubuhi. Evance akafikiri kidogo, akapata neno ambalo Hosiana aliliona linakuja tangu mbali. Mwambie huyo mjomba kwamba mtaro ni wa muda tu, alisema. Elnino ikipita tutaufukia. Watu wa shamba ukiwaambia wa muda hawana shida.

"Haufukiki," Hosiana alisema.

"Najua haufukiki. Yeye hajui."

Hosiana alikaa kwenye kifusi. Alivua viatu vyake vya kazini, akavaa raba, akafunga kanga juu ya suruali kwa heshima ya wenyeji, akaanza kupanda.

Njia ya mlimani haimwonei mtu huruma. Inapanda wima kati ya migomba, inatoka kwenye mihogo, inapotea kwenye jiwe, inaanza tena juu ya kichwa chako. Wanawake walikuwa wanashuka na mizigo ya karoti na kabichi kichwani, shingo zimenyooka, wanapishana naye bila kupunguza mwendo. Kila mzee aliyemkuta alimwamkia shikamoo akihema, na kila aliyemjibu marahaba aliongeza kwamba amechelewa kuanza. Hakupumzika. Kila akisimama aliona ukungu unashuka kumlaki, akapanda tena. Njia nzima alikuwa akijaribu lile neno la Evance mdomoni. Wa muda. Wa muda tu, mjomba. Lilikuwa jepesi, na ndilo lililomtia wasiwasi.

Mikidadi alikuwa uani anapanga kabichi. Hosiana alikuwa amejiandalia mzee wa mkongojo. Alikuta mtu mwenye haraka kumzidi yeye, mwenye kofia ya mtumba iliyoandikwa jina la timu ya mpira ya nchi asiyoijua, anawafokea wapagazi kwamba kabichi si mpira. Tangu biashara iwe huria alikuwa ananunua mboga kwa majirani na kuzipeleka sokoni mjini. Alimkaribisha Hosiana kigoda, akampa maji, akaendelea kupanga huku anasikiliza.

Aliposikia neno mtaro alisimamisha mikono.

Alisema habari ya kuchimba mlima wanaijua. Alipokuwa mtoto serikali ya Waingereza ilikuja na matuta ya ngazi. Kila mtu achimbe shamba lake kama ngazi ya ghorofa, asiyechimba apigwe faini. Udongo mwema ukafukiwa, udongo mbaya ukaja juu, mahindi yakawa kama nywele za mgonjwa. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake walioshuka kumzomea bwana shamba. Na bwana shamba yule, Mikidadi alisema, naye alikuwa na cheti chake cha chuo.

"Sikuja kukupiga faini," Hosiana alisema. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilichimba bila wewe. Sikujua."

"Hilo limeisha, kwa kuwa umepanda kwa miguu yako. Sasa niambie moja. Barabara yenyewe mimi siitumii, kabichi zangu zinashuka kwa njia ya miguu. Huo mtaro mkiuchimba, utafungwa lini?"

Hapo ndipo pa kulisema lile neno jepesi la Evance. Hosiana alitazama kabichi, akatazama ukungu ambao sasa ulikuwa umefika kwenye paa la jiko. Akajiona mwaka mzima akipita Mgozo na pikapu, na Mwamvita amesimama kando ya barabara anamtazama.

"Haufungwi, mjomba," alisema. "Ukichimbwa umechimbwa. Tutaupanga mawe pembeni, lakini maji yana nguvu, yataupanua. Ile safu ya magimbi ya katikati itakwenda, na migomba michache. Tusipochimba, zege langu litavunjika, kisha maji yatatawanyika yanakotaka, na nyumba ya Mwamvita iko chini. Hilo ndilo ninalolijua. Kama kuna mtu amekwambia ni wa muda, amekudanganya."

Mikidadi aligeuzageuza kabichi moja mkononi, mpaka mpagazi mmoja akauliza aendelee au asubiri.

"Wewe huna mdomo wa biashara," alisema mwishoni.

"Sina."

Akasema hawezi kumjibu. Yeye ni mdomo wa shamba, lakini tumbo la shamba ni Mwamvita, na mdomo hauli peke yake. Angeshuka Ijumaa baada ya swala, amsikilize mpwa wake, kisha jembe lipigwe au lisipigwe. Hosiana alimwomba ashuke kesho. Akakataa, kabichi zilishakatwa. Akamwomba amtume mtu na kauli. Akakataa, jembe la kwanza halitumwi.

Kusubiri Ijumaa kulimmaliza Hosiana kuliko ule mlima. Aliwatuma vibarua kukusanya mawe ya kupanga mtaroni, kisha akawatuma kukusanya mengine. Alitembea juu ya zege kwenda na kurudi. Alikwenda kwa Mwamvita na kumweleza yote aliyomweleza mjomba wake, hata safu ya magimbi, hata nyumba. Mwamvita alisikiliza akiwa amekunja mikono, akauliza tu maji yangegeukia upande gani yakivunja zege. Hosiana akamwonyesha. Mwamvita alitazama mlango wake, akaingia ndani.

Alhamisi jioni mvua ilianza. Haikuanza Mgozo, ilianza juu, ambako haikuonekana, ila ngurumo zilisikika zikizunguka nyuma ya mlima kama mtu anayesogeza makabati. Alfajiri Hosiana alitoka Bigwa na pikapu ya Evance bila kunywa chai hata hiyo ya kusimama. Alikuta Mgozo imeanza kupita juu ya zege, nyekundu, bado chini ya kifundo cha mguu, inateleza vizuri kama alivyochora. Kisha inaruka upande wa chini na kutua shambani, na pale inapotua palikuwa pameshakuwa na shimo. Alichomeka mti shimoni kupima kina. Mti ukazama wote.

Vibarua walisimama na sururu wakimtazama. Mmoja alisema wachimbe tu, nani atauliza mvua ikinyesha. Hosiana akasema hapana. Alilisema kwa hasira, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anataka mtu amwambie ndiyo.

Mikidadi hakungoja swala ya Ijumaa. Alitokea asubuhi kwenye njia ya migomba, ameloa chepechepe, matope mpaka kiunoni, jembe begani, anawalaani wapagazi waliokataa kushuka, na kabichi zimebaki juu zinaoza. Hakumsalimu mtu. Alikwenda mpaka kwenye shimo, akalitazama, akaona linavyokula. Kisha akapanda kidogo pembeni, akachora mstari kwa ncha ya jembe. Mtaro uanzie hapa, alisema, uzunguke ukingo wa barabara, ukwepe magimbi, ushukie kule kwenye mpaka. Hapo shamba litakuwa limetoa kidogo, na barabara itakuwa imetoa kidogo.

Hosiana alitamani sana kukubali. Ulikuwa mstari wa mtu mwenye nia njema.

"Hautakaa, mjomba. Hapa maji yanakuja na mwendo. Ukiyapinda yatavunja pale kwenye kona."

"Yakivunja yatakwenda wapi?"

Mwamvita, aliyekuwa ametoka nyumbani na mfuko wa plastiki kichwani, aliuonyesha mlango wake kwa kidevu. Ahmadi alikuwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. Alifungua mdomo, akakumbuka yuko kwa nani, akaufunga.

"Mjomba," Mwamvita alisema, "magimbi nitapanda mengine. Piga jembe katikati. Maji yapite kwangu, yasipite ndani kwangu."

Mikidadi aliuliza kama amesikia vizuri kwamba mtaro hautafungwa. Mwamvita akasema alisikia, mama wa barabara alimwambia hata alichotamani asiambiwe. Binti yake atarithi mtaro, basi. Mikidadi akatemea viganja mate, akasema maneno machache ya kwao kwa sauti ya chini, akiwataja waliolala, kisha akapiga jembe katikati ya safu ya magimbi. Mara moja tu. Akasogea pembeni.

Vibarua waliingia. Ahmadi aliingia naye, bila kuambiwa, akachimba kuliko wote. Mwamvita na ndugu zake, wale wanawake wawili, walitangulia mbele ya sururu waking'oa magimbi kabla udongo haujayafunika, wakiwatukana vibarua kwa kukanyaga, na vibarua wakiwajibu kwamba wang'oe kwa haraka kama wanavyotukana. Mvua ikafika Mgozo kwa miguu yake yenyewe. Mtaro ulichimbwa kwa matope zaidi kuliko kwa udongo. Mawe yaliyokusanywa yakashushwa pembeni, Hosiana akiyapanga kwa mikono, magoti yakiwa majini, na kila aliposikia sauti ya maji kule juu ikibadilika alikuwa anageuka.

Maji makubwa yalikuja mchana, na gogo. Gogo lilipita juu ya zege likigonga, likaruka, likatua mtaroni, likasita kidogo, watu wote wakasita nalo. Kisha likaenda. Maji yakalifuata. Ukingo wa kushoto ulianguka pale pale, ukaenda na migomba mitatu iliyokuwa na ndizi, mahali ambapo Hosiana hakuwa amepataja kabisa. Alifumba macho, akafumbua. Zege lilikuwa limekaa. Chini yake maji yalikuwa yanatua kwenye mawe na kuondoka.

Yalipopungua, lori la ndizi lililokuwa limesubiri ng'ambo lilivuka polepole, dereva amechungulia mlangoni kutazama tairi. Alipofika upande wa pili alipiga honi. Evance, aliyekuja kuchukua pikapu yake, alipunga mkono kama yeye ndiye aliyetandaza zege, akamwambia Hosiana kwamba kesho waende wakaone kijito kingine, kile cha mbele, maana redio imesema hii ni mwanzo tu. Hosiana alikuwa ameshakwisha kukifikiria.

Lakini Mwamvita alikuwa amesimama upande wa pili wa mtaro, kapu la magimbi kichwani, hawezi kurudi kwake. Shamba lilikuwa limekatwa vipande viwili. Hosiana hakusema pole. Aliona pole haivushi mtu. Alikwenda kwenye rundo la mbao walizofungia zege, akachomoa moja ndefu, akaitandika juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo, akaikandamiza kwa mawe ncha zote mbili, akaipanda mwenyewe kuijaribu.

"Vuka," alisema.

Mwamvita aliweka mguu mmoja, ubao ukapinda. Akaurudisha.

"Huu ni wa mbuzi," alisema. "Mtu mwenye mzigo anataka mbao mbili. Na hiyo migomba mitatu hukuisema."

"Sikuijua."

"Basi lete ubao."

Mvua ilikuwa inaanza tena juu. Hosiana alipanda kwenda kuuleta.